Kutoroka mahabusu kabla ya hukumu: kesi ya kwanza unaweza kuishinda, ya pili unawaletea ushahidi mwenyewe

Karani Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila ikitokea habari ya mahabusu kutoroka, mabishano yanaishia palepale: "Kama kesi yake ilikuwa ya kusingiziwa, kosa lake la kutoroka ni lipi?" Nilikaa kwenye meza iliyo chini ya hakimu miaka 17 nikiita majalada, na swali hilo nimeliona likijibiwa kwa namna ambayo mpaka leo inaniuma. Nianze na tukio, sheria itafuata.

Kijana alishtakiwa kwa wizi wa pikipiki. Dhamana ilikuwa wazi ila wadhamini hakupata, akarudishwa rumande. Kesi ikapigwa kalenda miezi 14. Mara upelelezi haujakamilika, mara shahidi hajafika, mara hakimu yuko likizo. Asubuhi moja mahabusu wakiteremka kwenye karandinga nyuma ya mahakama, pingu yake ilikuwa imelegea, akachomoa mkono, akaruka ukuta. Siku ya tisa akakamatwa kwa shangazi yake. Hakumgusa askari, hakuvunja kitu.

Hatimaye kesi ya pikipiki ikasikilizwa. Mlalamikaji alishindwa kumtambua, na namba ya injini kwenye kielelezo haikulingana na ile ya kadi. Hakimu akatamka: huna kesi ya kujibu. Mama yake alikuwa benchi la mbele na mfuko wa plastiki mapajani, ndani yake viatu alivyomletea mwanawe avivae akitoka. Akasimama. Jalada la pili lilikuwa mkononi mwangu, jembamba, karatasi hazizidi tano. Nikaliita. Hakimu akasoma shtaka, akamuuliza kama ni kweli. "Ni kweli nilitoka, mheshimiwa, lakini..." Hiyo "lakini" yake iliandikwa kama maombi ya kupunguziwa adhabu, haikuandikwa kama utetezi. Mwaka mmoja. Yote hayo hayakufika dakika 20. Mama akaketi tena, kisha akarudi nyumbani na viatu vilevile.

Wengi hawajui kwamba kutoroka ni kosa linalojitegemea, halibebwi na kesi iliyokupeleka ndani. Mahakama haiulizi kama uliiba. Inauliza mambo machache tu: ulikuwa chini ya ulinzi? Ulinzi huo ulikuwa halali? Uliondoka bila ruhusa huku ukijua huna ruhusa? Majibu yote yakiwa ndiyo, umekwisha. Kwenye kesi ya wizi Jamhuri, Taji au vyovyote serikali inavyoitwa huko uliko, ndiyo yenye mzigo wa kuleta mashahidi, vielelezo na wataalamu. Kwenye kesi ya kutoroka inaleta hati ya mahakama iliyokupeleka rumande, daftari la kuhesabia mahabusu na askari aliyekukamata. Shahidi wa nne ni miguu yako mwenyewe.

Neno la kushikilia hapo ni "halali". Halali haina maana kwamba una hatia. Maana yake ni kwamba aliyekushika alikuwa na mamlaka ya kukushika na karatasi ziko sawa. Mtu asiye na hatia kabisa anaweza kuwa chini ya ulinzi halali kabisa, na ndipo watu wanapoteleza. Kwa upande mwingine, kama hakuna amri yoyote ya mahakama, au muda wa kukushikilia uliisha na hukupelekwa mbele ya hakimu, wakili mzuri atasimama hapo na anaweza kushinda. Ila jambo hilo ni la kupigania mahakamani. Ukilipima mwenyewe gizani juu ya ukuta, usije ukadhani umepima sawa.

Na ulinzi hauanzi langoni mwa gereza. Ukiwa kwenye karandinga, korido ya mahakama, kitanda cha hospitali askari akiwa mlangoni, bado uko mahabusu.

Sasa nchi hazifanani, na nimesoma sana jambo hili baada ya kustaafu kwa sababu ya yule mama. Marekani, sheria ya shirikisho kifungu cha 751 inatofautisha: ukitoroka ukiwa umeshikiliwa kwa shtaka la kosa kubwa, hata kama hujahukumiwa, kifungo kinaweza kufika miaka 5. Ukiwa unangoja kesi ya kosa dogo, ukomo ni mwaka 1. Kenya, kifungu cha 123 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu aliye chini ya ulinzi halali akitoroka ametenda kosa, na kwa kuwa hakikutaja adhabu, inatumika ile ya jumla isiyozidi miaka 2, faini, au vyote viwili. Afrika Kusini ni wakali zaidi, Sheria ya Magereza kifungu cha 117 inafika miaka 10. Ufaransa ni miaka 3, na ukitumia nguvu inapanda. Uingereza ni kosa la tangu enzi za sheria ya mapokeo, bunge halijaliwekea ukomo wa adhabu.

Halafu kuna nchi ambazo kutoroka kwenyewe, peke yako na bila kumdhuru mtu, si kosa la jinai. Hizo nitazirudia, maana najua kuna atakayeuliza.

Mpenda Uhuru

Mkuu, umenigusa na huyo mama. Lakini mimi bado sikubali. Mtu hajahukumiwa. Sheria inasema hana hatia mpaka ithibitike. Umemweka ndani miezi 14 bila kumsikiliza. Akitoka amevunja nini? Serikali ndiyo imeanza kumkosea.

Karani Mstaafu

Mkuu, kwenye hilo la serikali kumkosea sikupingi hata neno moja. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 9, umesema wazi kuwa kuwaweka watu ndani wakisubiri kesi isiwe ndiyo kanuni ya kawaida, na aliyewekwa ndani asikilizwe ndani ya muda wa kuridhisha au aachiwe. Kanuni za Nelson Mandela za 2015, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu kuwatendea wafungwa, zinataka mahabusu atendewe kama mtu asiye na hatia na asichanganywe na wafungwa. Nimeviona vyote viwili vikivunjwa wiki nzima, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Ila tofautisha vitu viwili. Kutokuwa na hatia kunahusu shtaka. Amri ya kukuweka rumande ni kitu kingine, ni neno la mahakama linalosema "uwepo wako hapa unahitajika". Kosa la kutoroka linalinda neno hilo, halimlindi mwenye pikipiki. Ndiyo maana kuachiwa kwenye kesi ya kwanza hakufuti ya pili. Kucheleweshwa kwa miezi 14 kuna dawa zake: kuomba masharti ya dhamana yalegezwe, kwenda mahakama ya juu, kuomba amri ya kuletwa mbele ya jaji ili uhalali wa kizuizi uchunguzwe. Najua dawa hizo ni ghali na wengi hawana wakili. Nalisema kwa uchungu. Lakini mahakama ikikuuliza "kwa nini hukuja kwangu?" inabidi uwe na jibu.

Bwana Jela

Nimefanya kazi ya magereza muda mrefu, naomba niseme la upande wetu. Watu huwaonea huruma wanaotoroka kana kwamba wote ni kijana wa pikipiki. Kuna Ted Bundy, muuaji wa Marekani. Juni 1977 alikuwa anasubiri kesi ya mauaji huko Colorado, akaachwa kwenye maktaba ya mahakama ya Aspen, akaruka dirisha la ghorofani. Akakamatwa baada ya siku sita. Desemba mwaka huohuo akapita kwenye dari ya jela ya Glenwood Springs akaondoka tena. Januari 1978 akaua wanawake wawili kwenye nyumba ya wanafunzi Florida, na mwezi uliofuata akaua mtoto wa miaka 12. Kwenye kesi hiyo ya mauaji, wakati anatoka dirishani alikuwa "hajahukumiwa" vilevile, ingawa Utah alishahukumiwa kwa utekaji. Sheria haiwezi kujua nani ni nani kabla kesi haijasikilizwa.

Na jingine ambalo raia hawalioni. Mahabusu akitoroka zamu yangu, ninayeshikwa kwanza ni mimi. Ikionekana nilizembea ni kosa, ikionekana nilimsaidia ni kosa kubwa zaidi. Nina mwenzangu aliyepoteza kazi kwa kufuli ambalo alikuwa ameshaliandikia ripoti kuwa ni bovu.

Karani Mstaafu

Ahsante Bwana Jela, na pole kwa mwenzako. Umenikumbusha kitu: anayemsaidia mahabusu kutoroka yuko hatarini karibu kila nchi, hata zile zisizomwadhibu mtoro mwenyewe. Ndugu aliyempelekea msumeno ndani ya mkate, rafiki aliyengoja na gari, askari aliyepokea chochote. Familia nyingi huwa hazijui hili. Hata kumficha tu baada ya kutoroka kunaweza kukuingiza.

Msomi wa Mlangoni

Hizo nchi zisizoadhibu ni zipi? Maana hapa ndipo patamu.

Karani Mstaafu

Ujerumani ndiyo maarufu. Kifungu cha 120 cha sheria yao ya jinai kinamwadhibu anayemtoa mfungwa au kumsaidia kutoka, mpaka miaka 3, na akiwa mtumishi wa umma mwenye wajibu wa kuzuia, mpaka 5. Aliyetoka mwenyewe hatajwi. Fikra yao ni kwamba kutamani uhuru ni silika ya binadamu, na silika haiadhibiwi.

Lakini soma mpaka mwisho. Ukikata nondo, umeharibu mali. Ukimsukuma askari, umeshambulia. Na mkiungana wafungwa kadhaa mkatoka kwa nguvu, kifungu cha 121 kinaita uasi, kuanzia miezi 3 mpaka miaka 5. Kwa hiyo anayebaki salama ni yule aliyekuta mlango wazi, peke yake, hakugusa kitu. Wangapi hutoroka hivyo? Na huyo naye atakapokamatwa ajue ile kesi ya kwanza inamngoja palepale, na dhamana asiiote, kwa kuwa ameshaonyesha kwa vitendo kwamba hukimbia.

Mexico nayo ilikuwa hivyohivyo kwa muda mrefu, kabla sheria haijabadilishwa: ibara ya 154 ya Kanuni ya Adhabu ya shirikisho ilisema mfungwa anayetoroka hapewi adhabu yoyote, isipokuwa amepanga na wafungwa wenzake au ametumia nguvu dhidi ya watu. Brazil nao, ibara ya 352, kosa ni kutoroka au kujaribu kutoroka kwa kutumia nguvu dhidi ya mtu, na adhabu yake ni miezi 3 mpaka mwaka 1, ukiongeza na ile ya nguvu yenyewe.

Mimi binafsi, baada ya yule kijana, naona mtindo huu una utu ndani yake. Sisemi watu waachwe watoroke. Nasema mtu aliyeondoka bila kumdhuru mtu, akakutwa hana kesi ya kujibu, sioni mwaka mmoja gerezani uliilinda jamii na nini.

Mpenda Uhuru

Hapo sasa tunaelewana mkuu.

Nuru

Naomba kuuliza. Je kama gereza linaungua moto? Au mafuriko? Mtu akae afe kwa sababu ya amri?

Karani Mstaafu

Dada Nuru, swali lako lina miaka mamia. Uingereza ya kale ilikuwa na sheria kwamba anayevunja gereza ananyongwa, na majaji wakasema haimhusu aliyetoka gereza likiwaka moto, kwa maana mtu hanyongwi kwa kukataa kubaki aungue. Mahakama ya Juu ya Marekani iliyarudia maneno hayo miaka ya 1860 katika kesi ya Kirby, ambayo haikuwa hata ya kutoroka. Ilikuwa inataka kuonyesha kuwa sheria isomwe kwa akili.

Utetezi huo upo na unaitwa ulazima, au kulazimishwa na hatari. Ila una milango myembamba. California mwaka 1974, katika kesi ya Lovercamp, wafungwa wawili wanawake walitoroka kwa sababu wenzao walikuwa wanawatishia kuwabaka. Mahakama ya rufaa ikasema utetezi unaweza kusikilizwa ikiwa tishio la kifo, la kubakwa au la kuumizwa vibaya ni la wazi na la muda uleule. Ikiwa hapakuwa na nafasi ya kulalamika au walishalalamika bure. Hapakuwa na muda wa kwenda mahakamani. Hawakutumia nguvu kwa askari wala kwa mtu mwingine asiye na hatia. Na walipofika mahali salama wakajisalimisha mara moja.

Hilo la mwisho ndilo huwaangusha wengi. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Bailey. Watu walitoka jela ya Washington wakidai moto, vipigo na vitisho. Mahakama ikasema lazima uonyeshe kwamba ulijaribu kwa dhati kujisalimisha mara ile hatari ilipokwisha. Wao walikaa nje kati ya mwezi mmoja na miezi mitatu na nusu. Utetezi ukakataliwa. Tena ikasema kutoroka ni kosa linaloendelea: kila siku unayobaki nje bado unalitenda. Kwa hiyo usijidanganye kwamba ukijificha miaka ya kutosha kosa litachakaa.

Tena katika ngazi ya nchi nzima: Januari 12, 2010, tetemeko liliipiga Haiti na wafungwa zaidi ya 4,000 wakatoka gereza kuu la Port-au-Prince, wengi wao hawajawahi kuhukumiwa. Niambie ni nani kati yao ulitaka abaki chini ya ukuta unaoanguka.

Bwana Jela

Na lile jaribio la kutoroka gereza la Makala, Kinshasa, usiku wa Septemba 2, 2024. Serikali ilitangaza vifo 129, 24 kwa risasi na wengine kwa kukanyagana na kukosa hewa. Wanawake mahabusu walibakwa usiku uleule. Gereza lilijengwa kwa watu 1,500, lilikuwa na zaidi ya 12,000, wengi wao wanasubiri kesi. Mimi kama askari nasema hapo tusizungumze kifungu cha kutoroka. Tuzungumze nani alijaza watu hivyo.

Karani Mstaafu

Nakuunga mkono, ndugu yangu. Kabisa.

Msomi wa Mlangoni

Swali la mwisho kwangu. Kutoroka kunaweza kutumika kama ushahidi kwenye kesi ya kwanza?

Karani Mstaafu

Mahakama nyingi huruhusu. Mwendesha mashtaka husema: asiye na hatia angekimbia nini? Majaji wenye busara huonya. Mwaka 1896, katika kesi ya Alberty, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema watu wasio na hatia hukimbia pia, kwa hofu ya kudhaniwa wao ndio wahalifu. Kule ilikuwa kukimbia eneo la tukio, si jela, lakini hoja inasafiri vizuri. Hata hivyo onyo la jaji na kilichoingia kichwani mwa wanaosikiliza ni vitu viwili.

Mfano wa karibuni ni wa Daniel Khalife, Uingereza. Septemba 6, 2023 alikuwa rumande gereza la Wandsworth akisubiri kesi ya ujasusi, anafanya kazi jikoni. Akajifunga chini ya lori la chakula, likatoka naye. Siku ya nne akakamatwa kwenye njia kando ya mfereji wa maji. Kesi ikiwa katikati, mwenyewe akakiri kosa la kutoroka, kwa kuwa angesema nini? Februari 2025 akapewa jumla ya miaka 14 na miezi 3, na ya kutoroka ilijumlishwa juu ya zile nyingine. Adhabu za kutoroka mara nyingi huenda mfululizo, haziendi pamoja. Siku tatu na kitu za uhuru, hesabu wenyewe.

Mama Wawili

Shikamoo mzee karani. Nimesoma uzi wote nikitetemeka. Mdogo wangu alikuwa rumande kwa kesi ya kugombana. Juzi alipopelekwa hospitali akaondoka. Anasema humo ndani kuna mtu alimtishia kumchoma kisu na alishamwambia nyapara mara mbili. Amenipigia, hajaniambia yuko wapi na sijamuuliza. Nifanye nini?

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Pole sana. Mimi si wakili wake na hapa ni hadharani, kwa hiyo usiandike tena lolote kuhusu alipo. Kwa sasa usimpelekee pesa wala nguo, wala usimtafutie pa kulala, hata kama roho inakuuma. Tafuta wakili leo hii, na kama huna uwezo nenda kwenye msaada wa kisheria. Ndugu yako akikupigia tena, mwambie jambo moja tu: arudi kabla hajakamatwa, na arudi na wakili. Ule utetezi wa kutishiwa niliousimulia kwa dada Nuru unapungua nguvu kila usiku anaolala nje. Amwambie wakili jina la aliyemtishia, siku alizolalamika na alimlalamikia nani. Wakili aombe asirudishwe chumba kilekile.

Bwana Jela

Dada, naongezea. Akifika aseme yeye mwenyewe, "Nimekuja kujisalimisha," na iandikwe kwenye kitabu cha matukio. Kuna tofauti kubwa kati ya "amekamatwa" na "amejisalimisha" kwenye karatasi ile. Asikubali kuondoka mezani kabla haijaandikwa.

Mama Wawili

Ahsanteni sana. Mungu awabariki.

Mama Wawili *(siku iliyofuata)*

Wakili amepatikana wa msaada wa kisheria, dada mmoja mpole sana. Mdogo wangu naye amenipigia tena, nimemwambia kama mlivyosema. Amelia, lakini amekubali. Tunakutana saa mbili asubuhi ofisini kwa wakili, twende wote.

Karani Mstaafu

Nimefurahi mno. Mbebee karatasi ya hospitali ya siku ile, na dawa kama anatumia. Mkifika muandike saa mliyofika na jina la askari aliyewapokea, nakala moja ibaki kwa wakili na nyingine kwako. Na akiuliza kama utakuwepo siku ya kesi, mjibu.

Mama Wawili

Ameshauliza. Nimemwambia nitakaa benchi la mbele.